HARRY FABIAN HAKUWA MPAMBANAJI, ALIKUWA ANAISHI KWENYE POCHI YA MPENZI WAKE

Kuna muvi ya mwaka 1950 inaitwa Night and the City. Haina rangi, lakini ukiianza saa nne usiku hulali mpaka iishe. Ni London ya baada ya vita, klabu za usiku, walevi wenye hela, na jamaa mmoja anaitwa Harry Fabian (Richard Widmark). Kazi yake ni kuwapiga wageni maneno matamu mpaka waingie klabu ya bosi wake, Silver Fox.

Wengi wakimaliza kuiangalia wanamhurumia Harry. Eti kijana alikuwa na ndoto zake, mji ukamkataa. Hapana bwana!

Muvi inaanza Harry anakimbizwa mtaani usiku. Anakimbilia kwa mpenzi wake Mary (Gene Tierney), na akifika tu mkono uko kwenye pochi ya dada wa watu. Mary anafanya kazi klabu hiyo hiyo. Anaimba na kuwachekea wanaume asiowajua, halafu hela yake ndo iwe mtaji wa ndoto za mtu mwingine. Huo ni upambanaji gani?

Halafu kuna Helen, mke wa bosi. Kaichoka ndoa, anataka afungue klabu yake mwenyewe. Anampa Harry pauni 200 amfanyie mpango wa leseni. Harry hela anaipeleka kwenye dili lake la mieleka, Helen anapewa leseni feki. Mwanamke anamuacha mume kwa kuamini kikaratasi! Hii haiongelewi kabisa, watu wanaongelea lile pambano la mzee Gregorius tu. Ni kali kweli, na aliyemuigiza, Stanislaus Zbyszko, aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa mieleka, yaani pale hakuna kuzuga.

Sasa mwisho (kama hujaiona ishia hapa). Gregorius anafariki baada ya pambano. Mwanae Kristo, aliyeshika mieleka yote ya London, anatangaza pauni 1,000 kwa atakayemleta Harry. Alfajiri, kando ya mto Thames, Harry anamwambia Mary amkabidhi yeye ili achukue hela. Mary anakataa. Jamaa anachomoka mbio anapiga kelele kwamba Mary kamuuza, ili Kristo amlipe.

Hapo ndo watu wanalia, wanasema kumbe alimpenda. Sawa, labda. Lakini Mary alishasema hataki, na Harry bado kaamua kwa niaba yake, kama alivyozoea na ile pochi. Tena kamuachia jina la mwanamke aliyemuuza bwana wake. Harry anauawa palepale na kutupwa mtoni, na muvi inaisha hatujamuona Mary akipokea hata senti.

Wanaosema yale ni mapenzi, mngekuwa Mary mngeichukua ile pauni 1,000?