Betri ya Boda Boda na Mtungi wa Gesi

Mwenye motokaa ya umeme kule Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya namna hiyo, hurejea kwake jioni, akalichomeka gari lake ukutani, akalala, na asubuhi akalikuta limejaa. Dereva wa boda boda ya umeme wa Nairobi hana ukuta huo. Chumba alichopanga aghalabu kina soketi moja, mita ni ya mwenye nyumba, na betri moja mara nyingi haimfikishi machweo. Tena kila saa anayoingoja ijae ni saa ya riziki iliyompita. Kwa hiyo hachaji yeye, bali hubadilisha: huingia kituoni, akatoa betri iliyokwisha, akatwaa iliyojaa, na baada ya dakika mbili tatu yumo barabarani.

Ada hii ni njema, na inaafikiana na hali ya nchi, maana mvuke wa ardhini uzalishao umeme huko Olkaria hautambui usiku wala mchana, na watu walalapo sehemu yake huachiliwa ikapotea hewani. Ndipo mamlaka ya nishati, katika bei za mwaka 2023, ikaweka shilingi 16 kwa yuniti ya kuchajia vyombo vya umeme, na shilingi 8 kwa saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Betri zilizopangwa kabatini zaweza kunywa umeme huo rahisi ilhali madereva wamelala.

Lakini ipo ila moja kubwa. Kampuni nyingi zimeunda kila moja betri yake, kwa kimo chake, kwa plagi yake, na kwa programu isiyosikilizana na kabati la mwenziwe. Hata nimepata kumwona kijana akiisukuma pikipiki iliyozimika mbele ya kituo kilichosheheni betri, asigeuze hata shingo, kwa kuwa kilikuwa cha wengine. Nasi twavihesabu vituo hivyo kwa jumla, tukajisifu.

Jikoni mwetu tulikwisha kuyaona haya. Zamani mitungi ya gesi ilikuwa na vichwa mbalimbali, na aliyenunua kwa tajiri mmoja alikuwa mateka wake, mpaka kanuni za mwaka 2009 zilipoamuru valvu ya namna moja kwa mitungi midogo ya nyumbani, na wauzaji wapokezane. Sitaficha kwamba upokezanaji huo uliingiliwa na wajazaji wa magendo, hata ulazima wake ukaondolewa mwaka 2019. Walakini mtungi ni chuma bubu, usioweza kumtaja aliyeujaza; betri ina namba yake, na ndani yake kumbukumbu ya kila ilipochajiwa na jinsi ilivyochoka.

Kampuni husema kwamba betri ndiyo rasilimali yao kubwa, wala haziwezi kuikabidhi mikononi mwa mshindani. Hoja hiyo ina insafu, ila deni baina ya matajiri wawili laweza kuandikwa na kulipwa mwisho wa mwezi, kama mabenki yafanyavyo, ilhali dhiki ya dereva hulipwa papo hapo kwa jasho. Ulaya iliteua plagi moja ya vituo vya umma kwa sheria ya mwaka 2014, magari ya umeme yangali machache. Hapa kwetu pikipiki za petroli zingali nyingi kupita za umeme. Basi na itangulie plagi na kimo cha betri zitakazoingia tangu sasa, na hesabu za kupokezana zifuate, kabla makabati hayajazagaa mitaani kiasi cha kila mwenye nayo kudai fidia.