MTOTO AKILILIA WEMBE, MFUNZE KUNYOA

Wahenga walinena kuwa mtoto akililia wembe, mpe. Methali hii tumeitia katika insha tangu shule ya msingi, na maana yake twaijua sote: mkaidi aachwe akatwe, ndipo akome. Leo naomba ruhusa nibishane na wahenga kidogo, kwa heshima zote. Sisi wavulana wa kidato cha tatu hatuulilii wembe kwa ukaidi. Twaulilia kwa sababu ndevu zimeota bila kutuuliza, na sheria za shule zasema zitolewe. Mtoto wa namna hiyo haifai kumpa wembe tu ukaenda zako. Mfunze kunyoa.

Hebu tutazame mambo yalivyo katika shule nyingi za kutwa. Ni Jumatatu asubuhi. Kijana anafika langoni na ndevu zake nane au kumi kidevuni. Anaambiwa, "Wewe, ndevu hizo sizione gwarideni!" Atafanyaje, na kwao ni mwendo wa saa nzima? Anakimbia nyuma ya vyoo na kuazima wembe wa mwenzake. Wembe ni ule ule uliochonga penseli Alhamisi na kukata kucha Ijumaa. Anaubana kati ya vidole viwili, anajikwangua bila maji wala sabuni, na dakika tano zikiisha amemaliza. Kengele inapolia, wembe huo umeshapita videvu vitatu, na kila kidevu kina alama nyekundu. Halafu tunaimba wimbo wa taifa tukiwa nadhifu!

Jamani, huu ni mchezo wa hatari. Damu haihitaji kumwagika kama maji ya bomba ndipo ilete ugonjwa. Tone lisiloonekana kwa macho linaweza kubaki kwenye makali ya wembe. Wazazi wetu wanakumbuka Novemba 1999, wakati Rais Moi alipotangaza kuwa UKIMWI ni janga la kitaifa. Tangu hapo kila mtoto wa Kenya ameambiwa asitumie wembe wa mtu mwingine. Ni kweli virusi vya UKIMWI havidumu sana vikiwa nje ya mwili, lakini wembe unaotoka kidevu hadi kidevu ukiwa na damu mbichi haumpi mtu hakikisho lolote. Tena UKIMWI hauko peke yake. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku saba nzima na bado viwe na nguvu ya kuambukiza. Wengi wetu tulichanjwa tukiwa wachanga, kwa kuwa chanjo hiyo ilianza kutolewa kwa watoto nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini si kila mtoto alifikishwa kliniki, na homa ya ini aina ya C haina chanjo mpaka leo.

Mambo haya tunayajua. Tunayaandika katika mtihani wa Bayolojia na kupata alama zote. Mbona basi tunaazimana nyembe? Kwa maoni yangu sababu si umaskini. Wembe mmoja ni shilingi chache tu, hauzidi bei ya maandazi mawili. Sababu ni kwamba hakuna aliyetuketisha chini akatuonyesha jinsi ya kunyoa. Kijana asiyefunzwa huona wembe kuwa kitu cha haraka, kitu cha kuficha, kitu cha nyuma ya vyoo.

Mimi nasoma hapa Kitale, lakini asili yetu ni Bungoma, na likizo nyingi huwa kule kwa mjomba. Wenzangu Wabukusu wanajua kwamba kwetu tohara hufanywa mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, kama vile 2022 na 2024. Zamani kisu kimoja kiliweza kupita kwa vijana wengi, mmoja baada ya mwingine. UKIMWI ulipoingia, wataalamu wa afya walizungumza na wazee, na wazee wakasikia. Ikawa kila kijana awe na kisu chake, na wazazi wengine wakaanza kuwapeleka wana wao hospitalini. Mila yenyewe haikufa. Kengele za chinyimba bado zalia barabarani, na mjomba bado ampa mpwa wake nyama ya luliki avae shingoni. Kilichobadilika ni kisu tu.

Sasa nauliza: ikiwa wazee wenye mila ya karne na karne walikubali kubadilisha kisu, sisi wa shule ya sekondari, wenye maabara na vitabu, twashindwaje kubadilisha wembe? Tena kijana akishatahiriwa hupewa mawaidha yaitwayo khubita. Huambiwa aheshimu wakubwa, afanye kazi, na ajue mlango wa kuingia na mlango wa kutoingia. Ni mawaidha mazuri sana. Lakini mwaka mmoja baadaye ndevu zinatokeza, na hakuna anayesema neno! Tumefunzwa kuwa wanaume, ila hatukufunzwa kuutunza uso wa mwanamume.

Mimi nilikuwa na bahati. Mjomba ana kishikio cha wembe cha chuma, kile cha kale chenye mpini mfupi na kichwa kinachofunguka. Ndicho alichonifunzia. Vijana wengine hukicheka na kusema ati ni cha wazee. Wangejua historia yake wasingecheka. Zamani wanaume walinyolewa kwa kisu kirefu chenye makali wazi, na mkono ukiteleza kidogo tu, shavu limekwenda. Huko Marekani, King Camp Gillette na mhandisi William Nickerson wakatengeneza wembe mwembamba wa bei nafuu unaobanwa ndani ya kichwa cha chuma. Makali huchungulia kidogo tu, kwa hiyo hayawezi kuzama nyamani. Mwaka wa 1903 waliuza vishikio 51 na nyembe 168 pekee. Mwaka uliofuata, vishikio karibu elfu tisini! Watu walikuwa wamepata kitu ambacho mtu angeweza kukitumia mwenyewe, nyumbani kwake, bila kuogopa. Huo ndio wembe unaouzwa mpaka leo katika maduka ya Kitale na Bungoma, wenye makali pande mbili, umefungwa kwa karatasi. Kishikio chake hununuliwa mara moja tu, na kikitunzwa hukaa miaka mingi.

Mjomba hakunipa wembe siku ya kwanza. Alinipa kishikio kitupu, akanipaka povu na kusema, "Haya mpwa wangu, nyoa." Nikanyoa povu tu kwa siku tatu, mpaka mkono ukazoea. Siku ya nne ndipo akatia wembe mpya, akausimamia mkono wangu. Masomo yake nitayaeleza hapa ili na wewe uyapate.

Somo la kwanza limo katika methali: ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Wahenga hapa hawakukosea hata kidogo. Nywele kavu ni ngumu, nazo zikilowa hulainika. Baridi ya Kitale alfajiri si ya mchezo, kwa hiyo bandika maji jikoni, oga, kisha uoshe uso kwa maji ya vuguvugu kwa dakika mbili tatu. Paka sabuni ya kuogea mpaka povu lifunike ndevu zote.

La pili, shika wembe kwa ncha zake mbili fupi, usishike makali. Uweke kichwani mwa kishikio, funika, kaza, na utazame kama makali yamechungulia sawasawa pande zote mbili.

La tatu ni la wanahisabati. Gusisha kifuniko cha kishikio shavuni, kisha teremsha mpini polepole mpaka usikie makali yanaanza kukata. Wembe utakuwa umelala kama digrii 30 hivi kutoka usoni. Ukiusimamisha zaidi, utakwangua ngozi.

La nne ndilo linalowashinda wengi: usikandamize! Uzito wa chuma unatosha. Vuta kidogo kidogo, suuza wembe, endelea. Haraka haraka haina baraka, na hapa haraka ina damu.

La tano, fuata mwelekeo wa nywele. Pitisha kidole usoni ujue zinalala upande gani. Mashavuni mara nyingi zinaelekea chini, lakini shingoni hugeuka zikaenda kwingine. Ukimaliza, suuza kwa maji baridi na ujikaushe bila kusugua. Ukijikata kidogo, bana kwa kitambaa safi, au tumia shabu, lile jiwe jeupe linalozuia damu. Wembe ukianza kuvuta nywele badala ya kuzikata, umekwisha kazi.

Somo hili la tano nataka walimu wetu walisome mara mbili. Nywele zetu Waafrika wengi ni za kujikunja. Ukizikata chini sana, au ukinyoa kinyumenyume ili kidevu kiwe laini kama yai, ncha za nywele hujikunja na kurudi ndani ya ngozi. Hapo ndipo vinapotokea vipele vya kidevuni na shingoni, vinavyowasha na kuacha madoa meusi. Kijana mwenye vipele hivyo akilazimishwa kunyoa tena kesho yake, vinazidi. Kinachomsaidia ni kupumzika kunyoa kwa muda, kisha kuacha nywele fupi kidogo badala ya kuzifyeka hadi mizizini. Kwa hiyo, mwalimu wangu mpendwa, si kila mwenye vindevu ni mkaidi. Mwingine anauguza uso.

Najua wako watakaonipinga. Wengine watasema, "Si waende kwa kinyozi?" Vinyozi ni watu wa maana, na kichwa changu nampelekea kinyozi hapa mjini. Lakini ndevu zinataka kunyolewa kila baada ya siku chache, na fedha za kila wiki zitoke wapi? Tena mashine ya kinyozi nayo hutoka kidevu hiki kwenda kile, ukabaki kutumaini kuwa ameisafisha vizuri. Wengine watasema kazi hii ni ya baba nyumbani, shule ifunze Fizikia. Naafiki kwamba baba au mjomba ndiye bora. Lakini tuseme ukweli, darasani mwetu wamo wanaolelewa na mama peke yake, na wengine na nyanya. Wengine baba zao wako Nairobi na huonekana Krismasi. Hao wamuulize nani? Na wale ambao dini yao yawataka wafuge ndevu, hilo ni lao, wala sina neno nao.

Nanyi dada zetu msidhani makala haya hayawahusu. Wembe wa kukatia uzi, wa kukata kucha na wa kunyolea nywele unazunguka kwenye madawati yenu pia. Ugonjwa haujui huyu ni msichana wala huyu ni mvulana.

Basi, pendekezo langu ni hili. Kwanza, idara ya ushauri nasaha itenge alasiri moja kila muhula wa kwanza, na mwalimu mmoja mwenye ndevu zake atuonyeshe kunyoa hadharani, kwa maji, sabuni na kishikio. Pili, sheria ya shule inayokataza ndevu iongezewe mstari mmoja tu: ni marufuku kuazima au kuazimisha wembe. Tatu, mwenye vipele aruhusiwe kupumzika mpaka apone. Nne, kila darasa liwe na mkebe wenye tundu dogo juu, nyembe kuukuu zitumbukizwe humo, na ukijaa utupwe chooni ndani ya shimo. Tusizitupe nyasini zikamkata mtoto asiye na habari. Mambo haya yote hayaigharimu shule fedha za kutisha.

Nanyi wenzangu, msingoje shule. Jumamosi hii nunua wembe wako mwenyewe. Mwenzako akija kuuazima Jumatatu asubuhi, usimpe hata akilalamika kwamba wewe ni mchoyo. Mwambie aje kwenu jioni, na aje na wake. Teleka maji, umshikie kioo, na umfunze.