Mlango umefungwa, tumbo halifungwi



Juma hili tunasema juu ya wanyama. Tunajua wengine watauliza: watoto wa watu hawajashiba, na nyinyi mnakwenda kuhesabu samaki wa dubu? Muwe na subira kidogo. Habari hii ni ya pesa, ni ya shirika la wanachama kama letu, na ni ya siku ile mlango wa mapato unapofungwa bila kubisha hodi. Sisi wa Bukavu tuliijua siku hiyo mwezi wa Machi 2020, mpaka wa Ruzizi ulipofungwa. Wamama wa biashara ndogo, wale waliovuka asubuhi na beseni kichwani na kurudi jioni na unga wa nyumba, wakabaki wamekaa mlangoni. Beseni ilikauka, lakini watoto waliamka na njaa kila asubuhi kama kawaida.

Bustani za wanyama, zile watu wa Kinshasa na Lubumbashi wanaziita zoo tu, ziliingia katika shida ile ile. Kiwanda kikifungwa, mashine zinazimwa na hakuna anayezilisha. Duka likifungwa, mwenye duka anatia kufuli na anakwenda kulala. Lakini simba hana habari ya korona. Anataka nyama yake. Kiboko anataka maji yake yabadilishwe, na kule Ulaya nyoka na ndege waliotoka nchi za joto wanataka nyumba yao ipashwe moto usiku na mchana. Na mtunzaji wa wanyama hawezi kufanya kazi kwa kompyuta akiwa nyumbani. Hakuna njia ya kufagia kinyesi cha tembo kwa simu.

Kwa hiyo matumizi yalibaki karibu yale yale, na mapato yakawa sifuri. Tena wakati wenyewe ulikuwa mbaya kuliko mwingine wote. Huko Ulaya watu hawaendi kutembelea wanyama wakati wa baridi kali. Bustani inaishi kwa akiba mpaka Pasaka, halafu jua linatoka, shule zinafunga, familia zinakuja, na ndipo pesa ya mwaka mzima inapoingia. Serikali zilifunga milango mwezi wa Machi. Ni kama mkulima aliyekwisha kula ghala yake yote akingojea mavuno, halafu siku ya kuvuna anaambiwa haruhusiwi kuingia shambani.

Bustani ya London ilifunga tarehe 21 Machi 2020. Hiyo ni bustani iliyofunguliwa katika karne ya 19, na hata vita vya 1939 viliifunga kwa muda mfupi tu. Safari hii ilikaa karibu miezi mitatu, mpaka tarehe 15 Juni. Mzee David Attenborough, yule wa filamu za wanyama ambazo watoto wetu wanaziona kwenye televisheni, alisimama kuwaombea watu msaada. Bustani ya Chester, nayo ya Uingereza, inaishi karibu yote kwa tiketi za wageni. Mwanzo wa Juni wakubwa wake walisema wazi kwamba mambo yakiendelea hivyo watamaliza mwaka na deni la zaidi ya paundi milioni 24. Watu wakachanga, watoto wakavunja vibubu vyao, na kelele zikawa nyingi mpaka serikali ikaruhusu bustani kufunguliwa tena katikati ya mwezi ule ule.

Lakini habari iliyotufanya tuandike ukurasa huu ni ya mji mdogo wa Ujerumani unaoitwa Neumünster.

Bustani ya Neumünster si ya serikali, wala si ya tajiri mmoja. Ni ya shirika la wanachama. Ina wanyama kama 700 hivi. Serikali ilipotoa msaada wa haraka kwa biashara ndogo zilizofungwa, shirika lile likajikuta nje ya mlango, maana kwa sheria halikuhesabiwa kuwa biashara ndogo. (Hapa wamama wa vyama wanatikisa kichwa. Ni mara ngapi tumeambiwa kwamba karatasi zetu si za ofisi hii, twende ile nyingine?) Walihesabu kwamba katika miezi ile ya kufungwa peke yake watapoteza kama euro 175,000.

Mwezi wa Aprili mkurugenzi wa bustani ile, mama mmoja aitwaye Verena Kaspari, aliulizwa na waandishi wa habari hali ikoje. Akajibu ukweli mtupu: wamekwisha kuandika orodha ya wanyama watakaochinjwa kwanza. Alieleza kwamba itakuwa hatua ya mwisho kabisa. Pengwini na sili wanahitaji samaki wengi wabichi kila siku, na kama hakuna pesa ya samaki, ni afadhali mnyama afe kwa mkono wa daktari kuliko afe kwa njaa. Tena pengine wengine watalazimika kuliwa na wenzao. Wa mwisho katika orodha alikuwa Vitus, dubu mweupe, ambaye akisimama kwa miguu miwili anafika mita tatu na zaidi.

Dunia nzima ilishtuka. Magazeti yalimwandika kama mama mwenye moyo wa jiwe. Sisi hatumwoni hivyo. Tunamwona kama mama mwenye nyumba aliyekaa usiku na daftari, akaandika: ya kwanza tutauza redio, halafu meza, halafu kitanda, na cherehani itauzwa ya mwisho. Kuandika si kuuza. Anayeandika mapema bado anajua thamani ya kila kitu, na bado ana muda wa kumwita shangazi na majirani. Asiyeandika ndiye anayeamka siku moja na kuuza cherehani kwanza, kwa sababu mnunuzi wa kwanza aliyepita alitaka cherehani. Na mama yule alisema jambo lingine ambalo magazeti mengi yaliliruka: hata wakichinja, shida ya pesa haitaisha. Umeme, maji na mishahara vitabaki pale pale.

Wakati huo bustani zote za Ujerumani zilikuwa zimeungana kuiomba serikali euro milioni 100. Huko Neumünster watu wa mji na wa mbali walianza kutuma michango baada ya kusikia habari ya orodha. Vitus hakuchinjwa.

Mahali pengine shida ilikuja kwa njia ambayo mtu hawezi kuiwaza. Bustani ya Calgary, kule Kanada, ilikuwa na panda wawili wakubwa walioazimwa kutoka China. Chakula cha panda karibu chote ni mianzi, na kila mmoja wao alimaliza karibu kilo 40 kwa siku. Mianzi ile ililetwa kwa ndege. Ndege ziliposimama, pesa ingekuwepo au isingekuwepo, sahani ilikuwa tupu. Mwezi wa Mei bustani ikaamua kuwarudisha China wanakoota mianzi, na hata ruhusa za kuwasafirisha zikachelewa mpaka Novemba.

Kwa ajili ya watoto, maana tunajua mnawasomea: huko Tokyo kuna samaki wembamba kama nyoka, kama 300 hivi, wanaoishi wamesimama mchangani. Walizoea kuona nyuso za watu. Mlango ulipofungwa wakawasahau wanadamu, wakawa wanajificha kila mtunzaji alipopita. Basi wenye nyumba ile wakawaomba watu wapige simu za picha, wawapungie samaki mkono. Na huko Hong Kong, panda Ying Ying na Le Le, waliokaa pamoja zaidi ya miaka kumi bila neno, walioana wakati hakuna mgeni wa kuwachungulia. Wamama wenye nyumba ya chumba kimoja hatuna haja ya kuwaeleza zaidi.

Turudi kwenye neno zito. Tarehe 5 Aprili 2020 ilitangazwa kwamba chui-milia jike aitwaye Nadia, wa bustani ya Bronx katika mji wa New York, amepatikana na korona. Aliambukizwa na mtu aliyemtunza. Kutoka siku ile kila bustani ilielewa kwamba hasara haiko kwenye tiketi tu: mtunzaji anayeleta chakula anaweza kuleta na ugonjwa. Ikabidi kununua maski, glavu na dawa za kunawa, na kugawa wafanyakazi katika zamu zisizokutana, yaani kuongeza matumizi katika mwaka usio na mapato. Hofu kubwa ilikuwa kwa sokwe, gorila na bonobo, maana miili yao iko karibu sana na yetu. Januari 2021 gorila wa bustani ya San Diego walipatikana nao ugonjwa huo.

Hapo ndipo habari inaingia katika nchi yetu. Congo ndiyo nchi peke yake duniani yenye bonobo wanaoishi porini, na katika mashariki yetu tuna gorila wa mlimani na wa bonde. Mwezi wa Machi 2020 hifadhi ya Virunga ilifunga milango kwa watalii ili gorila wasiambukizwe. Pesa ya watalii ikakatika, lakini ulinzi haukuweza kukatika. Tarehe 24 Aprili walinzi 12 waliuawa katika shambulio karibu na Rumangabo. Mwanamke aliyebaki mjane siku ile hakuambiwa na mtu yeyote kwamba kazi ya bwana wake ilikuwa imesimama kwa ajili ya korona.

Na kuna zile nyumba za wanyama yatima. Hapa karibu tuna Lwiro, iliyoanzishwa mwaka wa 2002 karibu na Kahuzi-Biega, inayopokea sokwe na kima waliotolewa mikononi mwa wawindaji na wauzaji. Kinshasa kuna Lola ya Bonobo. Mwanzo wake unafaa kukumbukwa. Mwaka wa 1993, baada ya uporaji, wanyama wa zoo ya Kinshasa walikuwa wanakufa kwa njaa. Claudine André alikwenda kusaidia pale bila mshahara, na ndipo alipokutana na bonobo mdogo aitwaye Mikeno. Kutoka kwa huyo mmoja ikazaliwa kazi nzima ya Lola. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba wanyama kukosa chakula nyuma ya mlango uliofungwa ni jambo jipya lililoletwa na korona. Congo tuliliona kabla ya Ulaya, na wakati ule hakuna aliyechangisha euro milioni 100.

Katika Lola kuna kazi ambayo haiwezi kupunguzwa. Bonobo mchanga aliyeona mama yake akiuawa hanyweshwi maziwa tu. Asipopata mwili wa kushikilia anakataa kula na anakufa. Basi wako wamama wa Kinshasa wanaofanya kazi ya kuwabeba mchana kutwa, kuwaosha na kucheza nao, na wao wanaitwa mama kweli kweli. Korona ilipofika, Lola ilifunga milango kwa wageni, na watoto wa shule waliozoea kuja kutazama wakabaki kwao. Lakini ungewaambiaje wamama wale wasimame mbali na mtoto? Katika ofisi unaweza kuwapunguza watu nusu. Mgongo wa mama huwezi kuupunguza nusu.

Tofauti iko moja kubwa. Bustani za Ulaya nyingi zinakula kwa tiketi. Nyumba zetu za yatima zinakula zaidi kwa wafadhili wa mbali, na mwaka ule wafadhili nao walikuwa wamefungiwa nyumbani wakihesabu zao. Uingereza serikali ilitoa mfuko wa paundi milioni 14 mwezi wa Mei, halafu mwingine wa milioni 100 mwezi wa Agosti, kwa ajili ya bustani zilizokaribia kuanguka. Huku kwetu hatukuwa na mfuko wa namna hiyo hata kwa wamama wa mpakani, sembuse sokwe.

Wanachama wetu walio katika MUSO wanajua masanduku matatu: la kijani la mikopo, jekundu la shida, na buluu la pesa ya kutoka nje. Tukitazama Neumünster na Chester kwa macho ya MUSO, tunaona sanduku la kijani lililojaa na jekundu lililokuwa jembamba mno. Mwaka mzuri walijenga nyumba mpya ya wanyama, walileta wageni zaidi, walifurahi. Hatuwacheki, maana hata katika vikundi vyetu, tukifika kwenye kuchangia jekundu, ndipo wengi wanapokumbuka kwamba wameacha sufuria motoni.

Mkutano wa siku ya posho utaanza saa nane. Kila kikundi kilete daftari la sanduku jekundu, na mweka hesabu awe tayari kujibu swali moja mbele ya wote: mpaka ukifungwa kesho asubuhi, sanduku lile linalisha nyumba ngapi, na kwa majuma mangapi? Familia zinazotaka kupeleka watoto kuona sokwe wa Lwiro wakati wa likizo wajiandikishe siku hiyo hiyo kwa katibu. Mwenye mafua siku ya safari atabaki nyumbani, hata kama amelipa.