Lotus la 1967 na kona za Tukuyu



Nimerudi nyumbani Tukuyu. Mvua haikatiki, Mlima Rungwe hauonekani kwa ukungu. Nikajifungia na mchezo wa zamani wa kompyuta, Grand Prix Legends wa 1998. Humo unaendesha magari ya Formula One ya msimu wa 1967, kabla hayajawekewa mabawa ya kuyakandamiza chini. Nikachagua Lotus 49. Jamani! Jioni tatu nazunguka kama pia.

Kosa langu lilikuwa moja. Naingia kona na mwendo, naogopa, naachia mafuta ghafla. Uzito unahamia mbele, matairi ya nyuma yanakosa mshiko, gari linageuka. Dawa yake: punguza mwendo kabla ya kona, gari likiwa limenyooka, kisha rudisha mafuta taratibu.

Shule ya udereva niliyosoma ilinifundisha alama za barabarani na kurudi nyuma. Kuteleza hakuna aliyekutaja. Nilikujulia kwenye barabara ya Uyole–Kasumulu, lami imelowa, pikapu tupu, mama kakaa pembeni. Tuliishia mtaroni. Tulipona, lakini hadi leo mama hapandi gari nikiendesha mimi.

Najua kompyuta haina harufu ya breki zinazoungua, na mteremko mrefu unataka gia ndogo tangu juu. Lakini kwenye mchezo ukikosea unaanza upya. Kwa nini vijana wetu wasijifunze kuteleza kwanza mahali ambapo hafi mtu?

Mnasemaje?