Vanila ikioza mizizi

Mwenye vanila apitapo shambani asubuhi, akaona shina moja limenywea na majani yake yamegeuka manjano, hali mvua imenyesha usiku kucha, hushtuka. Ana haki ya kushtuka. Mmea ulio na kiu wakati ardhi imelowa ni mmea usio na mizizi tena: mizizi imeoza, na maji yaliyo chini hayawezi kupanda.

Katika nchi ya Beni na Ituri, na ng'ambo ya mpaka huko Bundibugyo katika Uganda, jamaa nyingi zimepanda vanila kando ya kakao na kahawa. Bei yake hupanda na kushuka kama maji ya mto. Mwaka 2018 kilo moja ya vanila kavu ya Madagaska iliuzwa kwa zaidi ya dola 500 katika masoko ya nje, na miaka michache baadaye bei ikaanguka vibaya. Hata hivyo, vanila chache zilizo nyuma ya nyumba zaweza kulipa karo ya mtoto. Nazo huchukua karibu miaka mitatu kabla ya kutoa ua la kwanza. Baba aonaye zinakufa moja baada ya nyingine haoni majani tu yakikauka. Aona miaka mitatu ya kazi inapotea, na mtoto anarudishwa nyumbani kutoka shule.

Basi majirani huja na dawa zao: majivu, makaa, mdalasini, javeli. Yafaa tuzipime, kwa maana zina faida, lakini siyo faida ile ambayo watu huidhania.

Kwanza tujue vanila ni mmea gani. Ni mmoja wa jamii ya okidi, yale maua yakaayo juu ya matawi ya miti mikubwa ya msituni, mizizi yake ikining'inia hewani. Okidi za namna ile hazinyonyi mti unaozibeba. Zanywa mvua na umande. Vanila huanza chini, lakini imeshika desturi ya ndugu zake. Mizizi yake haiendi chini sana kama mizizi ya kahawa, bali hutambaa juu juu katika majani yaliyooza, nayo yataka hewa kama itakavyo maji. Mtu aizikaye katika udongo mzito aisonga pumzi.

Adui mwenyewe ni kuvu ndogo sana isiyoonekana kwa macho, ambayo wataalamu huiita Fusarium. Hukaa udongoni miaka mingi, hata pasipo vanila, ikingoja. Huingia kwa urahisi pale mzizi ulipojeruhiwa na jembe, au ulipodhoofishwa na maji yaliyotuama, au na jua kali. Fukueni kwa vidole penye shina lililonywea. Mzizi mzima ni mgumu na mweupe. Mzizi mgonjwa ni wa kahawia, kisha mweusi, na ganda lake huvuka ukiuvuta. Mara nyingi mtaona mmea unatoa mizizi mipya juu zaidi, penye mafundo ya shina, kana kwamba wajaribu kujiokoa. Nayo ikifika chini huoza vilevile. Mmea waweza kukaa hivyo miezi mingi kabla ya kufa.

Sasa dawa. Majivu makavu, yakipakwa kidogo juu ya jeraha la kisu, hulikausha, na hiyo ni kazi njema. Lakini kumwaga ndoo ya majivu juu ya mizizi hai ni kuiunguza. Wazee wajua ukali wa majivu, kwani walichuja humo chumvi ya kupikia. Unga wa makaa ni mpole zaidi, nasi twaupendelea.

Mdalasini wasifiwa sana na watu wa Ulaya na Marekani wafugao okidi ndani ya vyungu. Si uwongo: mafuta yake huzuia kuvu isikue. Lakini unga wake hukausha mno. Juu ya kidonda cha shina wafaa, juu ya mizizi waidhuru. Tena mdalasini hununuliwa dukani, na makaa yako jikoni.

Maji ya javeli ni ya kusafishia kisu, kipimo kimoja cha javeli kwa vipimo tisa vya maji, wala yasimwagiwe mmea. Wengine husafisha kisu kwa kanyanga. Pombe hiyo mara nyingi haina nguvu ya kutosha kwa kazi hii. Moto ni bora, wala hauna majaribu. Na ile dawa ya mrututu na chokaa, ijulikanayo na wapandao nyanya na viazi, husaidia kukinga maganda na majani yasioze wakati wa mvua nyingi. Kwa mizizi iliyokwisha kushikwa na kuvu haina kazi.

Kwa neno moja, hatujui dawa ya kupaka wala ya kumwaga iwezayo kufufua mzizi uliooza. Liwezekanalo ni kuiokoa sehemu ya mmea iliyo bado nzima, na hili lataka ushupavu, maana ni kukata. Pitisheni kisu motoni. Kateni shina juu ya mahali palipooza, mtazame uso wa mkato: ukionekana una doa au duara la kahawia, kisu kipitishwe tena motoni, mkate juu zaidi, mpaka muone kijani kitupu. Pakeni mkato unga wa makaa. Kipande kilichobaki, kama urefu wake wafika mita moja, kiwekwe kivulini penye hewa muda wa wiki moja, jeraha lifunge. Kisha ondoeni majani ya mafundo matatu ya chini, mkilaze juu ya ardhi na kukifunika kwa majani makavu yaliyooza. Ncha iliyokatwa isizikwe. Iachwe nje, kwa kuwa huko ndiko uozo huanzia. Wala msirudi penye shimo la kwanza. Mizizi migonjwa ichomwe, isitupwe katika lundo la mboji.

Walio na vanila nzima bado wasingoje ugonjwa. Wapalilie kwa mkono, jembe libaki nyumbani. Wafanye tuta penye maji yatuamayo. Na shina refu likishushwa lipate kugusa majani yaliyooza chini, litatoa mizizi mipya hapo. Mguu mmoja ukifa, mmea una mwingine.

Jambo moja husahauliwa, nalo ni tamaa wakati wa maua. Vanila asili yake ni Meksiko, na huku kwetu kila ua huchavushwa kwa mkono wa mtu, kwa njia aliyoivumbua Edmond Albius mwaka 1841, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa kiitwacho leo Réunion. (Wanafunzi walikumbuke jina lake.) Kwa hiyo mwenye shamba mwenyewe ndiye apimaye mzigo. Achavushaye kila ua aubebesha mmea maganda ambayo utayalisha karibu miezi tisa, na mmea uliochoka ndio uangukao kwanza mbele ya kuvu. Maua 8 au 10 kwa kishada yatosha. Mmea mnyonge usichavushwe kabisa mwaka huo.

Yabaki maneno ya vipandikizi. Vanila za kijiji mara nyingi zimetoka katika shina moja, kila mtu akimkatia jirani yake. Iuayo moja yaweza kuua zote. Hata kipande kionekanacho kizima chaweza kubeba kuvu ndani. Mtu akikiokoa kipande kwa shamba lake mwenyewe, hilo ni lake. Lakini kuuza vipandikizi vya shamba lenye ugonjwa pasipo kumwambia mnunuzi ni kumwibia miaka mitatu. Naye mnunuzi asione haya kutazama mkato mbele ya muuzaji, kisha avipande kwanza mbali na vanila zake nyingine, kwa miezi michache. Vikitoa mizizi myeupe na chipukizi lenye nguvu, avihamishe mvua zikianza.