Flashi mfukoni, kasheshe ofisini

Wiki hii tukizungumzie kile kidude kinachoning'inia pamoja na ufunguo wa geto lako. Ndiyo, flashi. Usicheke bwana. Kidude hicho kimeshawatoa jasho polisi wa Ulaya, sembuse wewe wa mapokezi.

Hebu tuifuate flashi moja safari yake ya wiki. Jumamosi kijana anapita kwa jamaa wa nyimbo karibu na stendi, anajaziwa muziki na muvi zilizotafsiriwa. Mashine ya jamaa yule haina ubaguzi, inapokea flashi ya dereva wa basi la Mwanza, inapokea ya mwanafunzi aliyeteremka kutoka Kamachumu. Jumapili flashi iko kwenye sabufa ya shemeji, watu wanacheza. Jumatatu asubuhi iko stesheneri, inaprinti barua ya maombi ya kazi. Jumatatu hiyo hiyo saa nne, inachomekwa kwenye kompyuta ya ofisi yenye orodha ya mishahara. Hodi haijapigwa.

Wengi wenu mmeshamwona mdudu huyu wala hamkumjua jina. Unafungua flashi, unakuta mafaili yako yote yamegeuka vialama vyenye kamshale, kila kimoja kina uzito wa nukta tu. Hiyo ndiyo virusi ya njia ya mkato. Ujanja wake ni huu: mafaili yenyewe hajayafuta, kayaficha, halafu kaweka vialama vya bandia mahali pake. Ukibofya, folda yako inafunguka kama kawaida, unatabasamu, kumbe kwa kubofya kule umemwamsha yeye. Anajinakili kwenye kompyuta, na kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa inaondoka naye. Hapo ndipo watu wanachemsha, wanakimbilia kuformati na kujifutia kazi ya mwezi mzima. Tulia. Mpe fundi anayejua, amuue mdudu kwanza, kisha ayafichue mafaili. Mara nyingi yamo.

Wadudu wa zamani walikuwa na papara zaidi, hawakungoja hata kubofya. Windows ilikuwa na tabia ya kuamsha programu yenyewe mara kifaa kinapochomekwa. Conficker, aliyeibuka Novemba 2008, aliitumia tabia hiyo kiulaini. Windows 7 ya 2009 ikaacha mchezo huo kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza dawa kwa ajili ya XP na Vista. Lakini kabla ya hapo, mwanzoni mwa 2010, polisi wa Greater Manchester kule Uingereza walipatwa na Conficker huyo huyo. Wakakatwa kwenye kompyuta ya polisi ya taifa kwa siku tatu, ikawa akitaka kuhakikisha jina la mtu au namba ya gari, askari anawaomba polisi wa jirani wamwangalizie. Aliyeshukiwa kumleta mdudu? Flashi.

Mwaka huo huo ikajulikana habari ya Stuxnet, aliyevuruga mashine za nyuklia za Iran kule Natanz. Mashine zile hazikuwa kwenye intaneti, na flashi ndiyo inayoaminika kuwavusha ukuta. Kwa hiyo ule utetezi wa "kompyuta yetu haina intaneti, haiwezi kuugua" uuweke kando.

Mtasema hayo ni ya mabepari. Haya, twende Muleba. Mwalimu ametunga mtihani wa muhula, shule haina mashine ya kuchapia, anautia kwenye flashi na kuupeleka stesheneri. Anaprinti, anafuta faili, anaondoka roho nyeupe. Kufuta kwenyewe ni kuondoa jina mlangoni tu, aliyemo ndani bado yumo mpaka faili jingine liandikwe juu yake, na programu za kufufua mafaili ni za bure. Na kama aliunakili kwenye mashine ya stesheneri ili uprintike haraka, ndiyo umebaki pale pale. Afadhali faili lifungwe kwa nenosiri tangu nyumbani, alifungue mwenyewe moja kwa moja kutoka kwenye flashi, asimame pale hadi karatasi ya mwisho. Kwangu mimi mtihani kuvuja kwa njia hii ni jambo zito kuliko virusi, maana virusi utamwona, mvujo utausikia matokeo yakitoka.

Vivyo hivyo dada wa zahanati mwenye majina ya wagonjwa kwenye kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Flashi iliyodondoka kwenye bodaboda ikiwa na orodha ya wagonjwa si utani tena.

Sasa mabosi. Bosi akisoma haya kesho atabandika tangazo ukutani, MARUFUKU FLASHI, kwa kalamu nyekundu. Halitafika Ijumaa, maana bando limekatika, printa iko chumba cha pili, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuchomeka picha za sendoff ya binti yake. Ofisi inunue flashi zake tatu nne, zipewe namba, zisitoke nje ya geti. Za nje zipite kwanza kwenye kompyuta moja iliyotengwa, isiyounganishwa na nyingine, yenye antivirusi iliyohuishwa. Kwenye mashine zinazobaki, fundi anaweza kuifunga kabisa njia ya flashi. Nakala za akiba zikae mbali na kompyuta yenyewe.

Kazi ni kumwambia mkubwa. Kuna namna:

"Shikamoo mzee. Naomba flashi yako niipitishe kwanza kwenye mashine ile ya pembeni."

"Marahaba. Kwani mimi mgonjwa, mwanangu?"

"Wewe mzima kabisa mzee, ni flashi tu ndiyo sijui imelala wapi."

Atacheka, atatoa.

Na ukiokota flashi, tuseme nje ya Kaitaba baada ya mechi, usiwe na kiherehere. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwahi kutupa flashi 297 makusudi chuoni kwao, na matokeo yakatoka 2016: karibu zote ziliokotwa, na angalau asilimia 45 zilifunguliwa mafaili yake, ya kwanza kabla hata dakika kumi hazijapita. Wangekuwa wezi, kazi ilikwisha.

Kuna swali la dada mmoja, kuchaji simu kwenye kompyuta ya ofisi je? Simu za siku hizi huuliza kwanza, chagua kuchaji tu, usiruhusu mafaili. Ila soketi ya ukutani iko hapo nyuma yako, na inachaji haraka zaidi.