Ubunifu na Tafakuri Katika Kazi za Vijana wa Kitui na Makueni

Imekuwa ada katika mijadala ya elimu kuzungumzia ubunifu na tafakuri kana kwamba ni mali ya watu wawili tofauti. Mbunifu huchukuliwa kuwa mtu wa kipawa, azukaye na jambo ambalo halijapata kuwako. Mwenye tafakuri naye huchukuliwa kuwa mtu wa mizani, apimaye, atiliaye shaka na kukataa. Hata mfumo wa Mtaala wa Umilisi uliotolewa nchini Kenya mwaka 2017 unataja aina saba za umilisi wa kimsingi, na humo fikra tunduizi ina nafasi yake na ubunifu una nafasi yake. Orodha haina budi kugawanya, na kwa hilo mtaala haulaumiwi. Tatizo huzuka pale mgawanyo wa orodha unapomfuata kijana hadi kazini, akaambiwa kwamba kubuni ni kazi ya mhandisi, kupima ni kazi ya msimamizi, na yeye alete mikono yake tu.

Idara za Kiswahili nazo hazina usafi wa kujivunia katika jambo hili. Utunzi hufundishwa chumba kimoja na uhakiki chumba kingine, na aghalabu mhakiki hodari huhitimu pasi na kutunga hata ukurasa mmoja.

Anayetaka kuona jinsi mambo haya mawili yanavyoshikana na aende Ukambani, kwenye mito ya msimu kama vile Nzeeu na Kalundu huko Kitui, au Kaiti na Thwake huko Makueni. Mito hii hujaa kwa siku chache za mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Katika mito ya namna hiyo yamejengwa mamia ya mabwawa ya mchanga. Kule Kitui, shirika la SASOL limeyajenga pamoja na wanavijiji tangu miaka ya 1990. Upande wa Machakos na Makueni, kikundi cha Utooni, alichokiasisi Joshua Mukusya na wenzake mwaka 1978, kilikuwa miongoni mwa watangulizi. Ukuta hujengwa kukata mto. Mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta. Maji hujificha katikati ya chembe za mchanga huo, mbali na jua kali. Mchanga mzuri huweza kuhifadhi maji kati ya asilimia 25 na 40 ya ujazo wake.

Kwa maelezo hayo kazi yaonekana nyepesi. Sivyo. Ukuta usipoketi juu ya mwamba, maji hupenya chini yake na kwenda zake. Ukiinuliwa kwa pupa, mto huujaza tope laini badala ya mchanga mnene, na tope halitoi maji ya maana. Kwa hiyo kijana fundi huanza kwa kukisia. Hutazama mikuyu iliyostawi kando ya mto, huuliza ni wapi akina mama hufukua visima ambavyo havikauki hata kiangazi kikipamba moto, kisha husema: mwamba uko hapa. Kukisia huko ni kubuni. Papo hapo hupigilia nondo mchangani. Ikigonga mwamba, hupima kina chake. Ikichomolewa, mikato iliyo ubavuni mwake hutoka na chembe zinazoonyesha kama mchanga wa chini ni mnene au laini, mkavu au una unyevu. Dhana ikikanushwa na nondo, huachwa, na nyingine hubuniwa hatua kumi mbele. Je, ni wapi katika mlolongo huo ubunifu ulipokoma na tafakuri ikaanza? Hata mtaalamu wa saikolojia angepata taabu kuchora mstari. Na kwa kuwa aghalabu ukuta huinuliwa kwa awamu, mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo za kutegemewa zaidi Ukambani, humrudishia fundi majibu kabla ya awamu inayofuata.

Sasa na atazamwe kijana mwingine, mto uo huo, mchanga uo huo. Huyu ana sepetu na anajaza lori la mchanga uendao kwenye majengo ya mijini. Hulipwa kwa kadiri ya alichopakia. Uchotaji huu uliwahi kuzua uhasama mkubwa kiasi cha Kaunti ya Makueni kutunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Akili ya kijana huyu si haba kuliko ya yule wa kwanza. Pengine walisoma darasa moja. Tofauti ni kwamba wa kwanza ana ruhusa ya kukisia, kukosea, kuona kosa lake na kulirekebisha. Wa pili hana chochote cha kukisia. Kazi yake imepangwa isihitaji wazo, na mpangaji wake ndiye huwa wa kwanza kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawafikiri.

Katika kiwanda cha nguo cha KICOTEC, kilichoanzishwa na Kaunti ya Kitui, mafundi waliozoea kushona sare waligeukia barakoa mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini. Hilo ni thibitisho kwamba mkono uliofunzwa kazi moja huweza kuhamia nyingine upesi. Lakini ushonaji wa kiwandani hugawanywa vipande, huyu kola, yule vifungo, na afunguaye fursa ya kubuni hana budi kuifungua kwa makusudi.

Wapo watakaodai kwamba dhiki ndiyo mama wa ubunifu, na kwamba ukame unatosha kuwafunza vijana wa Ukambani. Ingekuwa hivyo, Kitui ingalikuwa na wavumbuzi kuliko mbuzi! Dhiki huleta swali tu. Jibu la mabwawa lilitokana na mwethya, ule ushirika wa kazi wa Wakamba, ambamo kijana abebaye mawe husikia wazee wakibishana mahali pa kuweka ukuta, naye akathubutu kutia neno lake.

Lugha yenyewe haikuwahi kutenganisha haya. Fundi, funza, fundisha na mwanafunzi ni maneno ya ukoo mmoja. Wanafunzi wa Kiswahili waendao Kitui na Makueni kwa mazoezi ya ualimu wangefanya vyema kushinda mtoni siku moja na kunakili mabishano ya mafundi chipukizi: jinsi wanavyochanganya Kikamba na Kiswahili, namna wanavyosema "labda," namna wanavyosema "hapana, tazama nondo." Data hiyo ipo, tena bila malipo, hadi mvua zitakapoanza.